Homa: Maana ya Asili na Maana ya Istiara, kwa Kutazama Matumizi ya Hadado na Kaskazini Mashariki ya Kenya

Homa ni mojawapo ya maneno ya tiba ambayo kila msemaji wa Kiswahili hudhani anayajua barabara. Halina sura ya istilahi. Mtoto hulisikia kabla hajaingia shule, na mzee hulitamka pasipo kukumbuka kwamba limetoka katika Kiarabu humma. Kamusi zetu, tangu ile ya Johnson ya 1939 hadi Kamusi ya Kiswahili Sanifu iliyotolewa na TUKI mwaka 1981, humpa msomaji kwanza maana ya maradhi yaletayo joto la mwili lililopita kiasi chake. Juu ya maana hiyo wasemaji wamejenga maana nyingine za istiara, na juu ya istiara hizo baadhi ya wapenda lugha wamejenga malalamiko: kwamba magazeti na watangazaji wa mpira wamelichezea neno la hospitali hata limelegea.

Makala haya yanashika upande mwingine. Yanadai kwamba istiara ndizo zilizobaki karibu na maana ya asili, na kwamba ulegevu umetoka katika matumizi yale yale yanayohesabiwa kuwa halisi, yaani ya zahanati, ya matangazo ya afya na ya majina rasmi ya maradhi. Mahali pa kuonea jambo hili kwa uwazi zaidi si Unguja wala Mombasa, ambako mazoea huficha mengi. Ni mahali kama Hadado, mji mdogo wa wafugaji katika Wajir Magharibi.

Sababu ya kuchagua Hadado ni ya kiisimu. Lugha ya nyumbani huko ni Kisomali. Kiswahili hufika kwa njia mbalimbali zisizokutana: kwa mwalimu, kwa askari, kwa redio, kwa mwenye duka, kwa muuguzi aliyehamishiwa huko kutoka bara. Kila mmoja wa hao huleta Kiswahili chake. Mtu wa Lamu amelirithi neno homa zima zima na huziba nyufa zake kwa mazoea. Mtu wa Hadado hulipokea vipande vipande, na nyufa huziona.

Tena hakulipokea akiwa hana lugha ya kueleza maradhi. Kisomali kinatofautisha qandho, ambayo ni joto la mwili, na hargab, ambayo ni mafua, na duumo, ambayo ni malaria. Kinalo pia neno xummad, ambalo ni ndugu wa homa kwa upande wa Kiarabu. Herufi x katika hati ya Kisomali iliyoanza kutumika rasmi mwaka 1972 husimama badala ya ile ha ya kooni ambayo Kiswahili kimeilainisha. Hata sarufi ya maradhi inakaribiana. Mswahili husema kwamba homa imemshika. Msomali husema qandho baa i haysa, na kitenzi chake nacho ni cha kushika. Katika lugha zote mbili maradhi ndiyo mtendaji, na mtu ndiye anayetendwa.

Vitenzi hivi vya kushika vinastahili kuangaliwa zaidi kuliko ilivyozoeleka, kwa kuwa ndivyo mizani nzuri ya kupimia kama maana ya neno imehama au haijahama. Homa ya asili hushika, hupanda, hufikia kilele, humfanya mtu aweweseke, hushuka, kisha humwacha mtu. Haya si mapambo ya maneno. Ni historia ya ugonjwa kama ilivyoonwa na watu waliokaa kando ya kitanda usiku kucha.

Sasa na zitazamwe istiara. Linapokaribia pambano la Simba na Yanga, magazeti ya Dar es Salaam huandika kwamba homa ya pambano imepanda. Unapofika mwaka wa uchaguzi, Kenya kama Tanzania, homa ya uchaguzi huushika mji, na baada ya matokeo husemwa kwamba imeshuka. Mtu aliyepata wito wa kufika mbele ya wakubwa husemwa kwamba wito ule umemtia homa. Katika mifano hii yote vitenzi havikubadilika. Kinachopanda ni kile kile, joto. Kinachoshikwa ni mwili, uwe wa mtu mmoja au wa umma. Na hata kuweweseka kumo, maana anayeshikwa na homa ya uchaguzi hunena maneno ambayo wiki mbili baadaye angependa yasahaulike. Hakuna mwandishi anayeandika homa ya uchaguzi akikusudia jambo lililopoa. Istiara hii ni kali kwa sababu imelitii neno. Waandishi wa michezo, ambao aghalabu hawatajwi katika majarida ya wanaisimu ila kwa kukemewa, wamelitunza neno homa vizuri kuliko wengi waliosomea.

Hali ni nyingine katika Kiswahili cha kila siku cha Nairobi na sehemu kubwa ya bara ya Kenya. Huko mtu akisema ana homa, mara nyingi anakusudia mafua: pua inavuja, anapiga chafya, koo linakereketa. Mwili wake waweza usiwe na joto lolote. Matumizi haya si makosa. Ni lugha ya mamilioni ya watu, na njia iliyopitiwa yaeleweka, kwani mafua makali huja na joto, na jina la dalili moja likaliendea jingine lililo jirani. Lakini mizani ya vitenzi ikitumiwa, tofauti hujitokeza mara moja. Homa hii ya chafya haipandi wala haishuki. Haimshiki mtu, mtu ndiye anayo. Hakuna anayeketi kando ya kitanda kuingoja imwache. Hapa pana maana mpya kabisa iliyovaa nguo ya maana kongwe, na ndiyo inayohesabiwa kuwa halisi, huku homa ya uchaguzi ikiitwa mchezo wa maneno.

Athari ya mambo haya haiishii katika kamusi. Mgonjwa wa Hadado asemapo qandho baa i haysa, mkalimani, ambaye huenda ni kijana wa shule aliyekuwa karibu tu, ana neno moja la Kiswahili la kumpa muuguzi: ana homa. Muuguzi aliyekulia katika Kiswahili cha Nairobi huweza kusikia mafua. Akiwa mwangalifu atauliza na atatumia kipimajoto. Akiwa na foleni ndefu mlangoni, huenda asiulize. Mgonjwa alitumia neno la joto, muuguzi akapokea neno la chafya, na kati yao hakuna aliyesema uongo. Kisomali kilikuwa na maneno matatu yenye mipaka. Yalipovuka kuingia katika Kiswahili yakawa moja.

Ulegevu wa pili umo katika majina rasmi, na huu ndio mzito zaidi kwa kuwa umeundwa kwa makusudi. Kiswahili huunda majina ya maradhi ya namna hii kwa neno homa likifuatwa na kihusishi cha -a unganifu na nomino nyingine. Sarufi huruhusu hivyo, na majina hutoka kwa wingi: homa ya mapafu, homa ya matumbo, homa ya manjano, homa ya papasi, homa ya vipindi, homa ya nguruwe, homa ya Bonde la Ufa. Kwa sikio yote ni ya aina moja. Kwa maana, kile kihusishi kimoja kinafanya kazi sita au saba zisizofanana. Katika homa ya mapafu kinaonyesha mahali maradhi yalipokaa mwilini. Katika homa ya manjano kinaonyesha rangi anayogeuka mgonjwa. Katika homa ya vipindi kinaonyesha mwendo wa kuja na kuondoka. Katika homa ya papasi, jina zuri kuliko yote katika orodha hii, kinamtaja mdudu anayeleta maradhi, na aliyelisikia amekwisha kupewa nusu ya kinga: atamtafuta papasi ukutani na chini ya kitanda.

Homa ya nguruwe yaonyesha jinsi mchanganyiko unavyoweza kwenda mbali. Wafugaji na maofisa wa mifugo walilitumia jina hilo kwa maradhi yanayoua nguruwe na yasiyomwambukiza binadamu hata kidogo. Mwaka 2009 mafua mapya ya binadamu yalipoenea duniani, vyombo vya habari vikalitwaa jina lile lile kwa maradhi ya watu. Jina likabaki moja, na msikilizaji akaachiwa kazi ya kupambanua kama anayeumwa ni nguruwe au ni yeye mwenyewe.

Lakini mfano unaoihusu Kaskazini Mashariki moja kwa moja ni homa ya Bonde la Ufa. Maradhi haya yalielezwa kitaalamu mwaka 1931 na Daubney, Hudson na Garnham, baada ya kondoo kufa kwa wingi katika shamba lililo karibu na ziwa Naivasha. Jambo ambalo wanaistilahi wangefaa kulikumbuka ni kwamba andiko lao lilipendekeza majina mawili: moja lilitaja ini, kwa kuwa ndilo kiungo kilichoharibika, na la pili lilitaja mahali. La mahali ndilo lililoshinda. Kiswahili nacho, badala ya kuuliza maradhi yenyewe yakoje, kilitafsiri jina la Kiingereza neno kwa neno, na homa ya Bonde la Ufa ikaingia katika matangazo.

Mwishoni mwa 1997 mvua za El Niño ziliifurikisha nchi kavu ya Kaskazini Mashariki. Mwezi Desemba zikaripotiwa Garissa habari za vifo 170 vya watu waliokuwa na homa ya kutokwa damu, na vipimo vikathibitisha kuwapo kwa virusi vya homa ya Bonde la Ufa. Watafiti walikadiria baadaye kwamba katika wilaya ya Garissa peke yake waliambukizwa watu wapatao 27,500. Walionyesha pia ni nini kilichoambatana zaidi na maambukizo: kugusa damu na majimaji ya kondoo, na kulaza mifugo ndani ya nyumba ya kuishi. Katika miezi iyo hiyo ya mwanzo wa 1998 malaria nayo ikalipuka Wajir. Maana yake ni kwamba katika msimu mmoja, katika eneo moja, neno homa liliweza kusimama badala ya mafua ya kawaida, malaria iuayo watoto, au maradhi ya mifugo yamwagayo damu. Tahadhari za hayo matatu hazifanani. Kwa la pili mtu ajikinge na mbu. Kwa la tatu, pamoja na mbu, aache kuchinja, kuchuna na kukamua mnyama mgonjwa.

Jina homa ya Bonde la Ufa halisemi lolote kati ya hayo. Halitaji mnyama, halitaji damu, halitaji mbu. Linataja mahali, tena mahali pengine. Mfugaji wa Hadado anajua Bonde la Ufa liko wapi. Liko mbali, upande wa magharibi, kwa watu wengine. Kanuni ya -a unganifu inampa haki ya kuelewa kwamba homa hiyo ni ya huko, kama vile mahindi ya Kitale ni ya Kitale. Hakukosea sarufi, sarufi ndiyo iliyompotosha.

Wakati huo huo palikuwapo jina jingine. Watafiti waliowahoji wafugaji Wasomali wa Kaskazini Mashariki baada ya mlipuko wa 2006 na 2007 walikuta wanauita ugonjwa huo sandik, jina walilolifasiri kuwa ni kutokwa damu puani. Wafugaji hao walikumbuka mvua zisizo za kawaida, mafuriko na wingi wa mbu vilivyotangulia, na waliziona dalili katika mifugo kabla ya idara za serikali kuthibitisha mlipuko. Jina lao lilikuwa na alama ya ugonjwa ndani yake, alama ionekanayo kwa macho penye zizi, bila maabara. Ukilinganisha majina haya mawili kwa mizani ya kazi, sandik ni istilahi bora kuliko homa ya Bonde la Ufa, ingawa la kwanza limetoka kwa watu wasioitwa wataalamu na la pili limetoka kwa madaktari wa mifugo.

Katika mlipuko huo wa pili maradhi yalithibitishwa Garissa mwezi Desemba 2006, siku chache tu kabla ya Idi ya kuchinja. Ni vigumu kufikiria wakati ambapo jamii ya Kiislamu ya wafugaji ingehitaji zaidi neno linalofungamanisha homa na damu ya mnyama. Serikali ilizuia uchinjaji na usafirishaji wa mifugo, na minada ikafungwa. Hivyo jina ambalo halikumtaja mnyama likawafikia watu kwa mara ya kwanza pamoja na amri juu ya wanyama wao. Si ajabu amri ya namna hiyo ikisikika kuwa ni ya biashara au ya siasa. Mwezi Juni 2018 ugonjwa ukathibitishwa tena, safari hii katika Wajir yenyewe, upande wa Eldas, jirani kabisa na Hadado. Jina lilikuwa lile lile.

Yawezekana kujibiwa kwamba jina la ugonjwa si somo la afya, na kwamba watu huelezwa. Hoja hii ina uzito wake, lakini uchunguzi uliofanywa Bagamoyo na kuchapishwa mwaka 1996 unaidhoofisha. Huko wenyeji walitenga homa ya malaria, waliyoiona kuwa ni maradhi ya kawaida ya kupelekwa hospitali, na degedege, mtukutiko unaowashika watoto wadogo, ambao waliuhesabu kuwa ni maradhi mengine yenye asili nyingine na waganga wake. Kwa macho ya daktari, degedege aghalabu ilikuwa malaria ile ile iliyofika ubongoni. Mahubiri yote juu ya homa ya malaria yalimpita mzazi wa mtoto mwenye degedege, kwani hayakumtajia maradhi aliyokuwa akiyaona. Maelezo yalikuwapo, yalikuwa yamefungwa katika jina lisilofika.

Hapa inafaa kukumbuka kwamba Kiswahili na lugha jirani zake zilipata kuwa na uwezo mkubwa wa kuyapa maradhi majina. Kidingapopo, jina la pwani la homa ya kuvunjavunja viungo, lilisikiwa na madaktari wa Unguja katika karne ya kumi na tisa, na James Christie aliyefanya kazi huko aliliona kuwa ndilo mzizi wa jina linalotumika leo duniani kote, dengue. Chikungunya nalo lilitoka kwa Wamakonde, baada ya mlipuko wa 1952 na 1953 katika nchi yao kusini mwa Tanganyika, likimwonyesha mgonjwa jinsi alivyopinda kwa maumivu. Majina yote mawili yanamtazama mgonjwa. Dunia iliyachukua, na moja likarudi kwetu likiwa limevaa koti la ugeni, homa ya dengi, huku kidingapopo kikiachwa kamusini. Mandera ilipata mlipuko wa dengi mwaka 2011 na wa chikungunya mwaka 2016. Chikungunya lilifika huko bila homa mbele yake na halikupoteza kitu. Hata Tanzania ilipokuja kutumia UVIKO-19, neno lililochaguliwa kufungulia jina lilikuwa ugonjwa, wala si homa, ingawa mitaani homa ya korona ilikwisha kuenea. Uamuzi huo ulikuwa sahihi, na sababu zake zingefaa kuandikwa.

Haifuati kutokana na hayo kwamba homa ya Bonde la Ufa ifutwe. Jina lililokwisha kuingia katika sheria, katika fomu za hospitali na katika vyeti vya mifugo halifutwi kwa makala. Kinachodaiwa ni kidogo zaidi na ni kigumu zaidi. Kwanza, waandishi wa kamusi waitenge homa ya joto na homa ya mafua kuwa maana mbili zenye nambari zake, wakieleza ni wapi kila moja inatumika, badala ya kuzikunja pamoja chini ya tafsiri moja na kuziita istiara peke yake kuwa ndizo maana za ziada. Pili, wanaounda istilahi wakomeshe desturi ya kulitia homa mbele ya kila jina lenye neno la Kiingereza la joto la mwili, na wajiulize kwanza kile kihusishi cha -a kitafanya kazi gani katika sikio la msikilizaji asiyejua Kiingereza. Tatu, panapokuwa na jina la wenyeji lenye alama ya ugonjwa ndani yake, litangulie katika tangazo na lile rasmi lifuate.

Yaliyotangulia yanaweza kujaribiwa kwa urahisi. Na ichukuliwe sentensi hii ya Kiswahili: homa ya Bonde la Ufa imeingia Wajir, wananchi wachukue tahadhari. Kisha ichukuliwe hii: sandik imerudi, kondoo, mbuzi au ngamia akitupa mimba au akitokwa damu puani, asichinjwe wala asikamuliwe, na mtu aliyemgusa akipandwa na joto apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Sentensi ya pili haina neno homa hata mara moja.